Vitu yetu yote ilibakia kule

Mwezi wa pili mwaka huu nilimpelekea mwalimu anayeongoza kazi yangu ya mwisho wa masomo kurasa ishirini na mbili. Zilikuwa na mazungumzo niliyorekodi kwa simu katika mtaa wetu hapa Bunia, kisha nikayaandika neno kwa neno. Kazi yenyewe inahusu upatanisho wa ngeli katika Kiswahili cha Bunia. Alisoma kimya, akafika ukurasa wa tano, akaweka kidole juu ya mstari mmoja.

“Huyu mama alisema hivi?”

“Ndiyo, Profesa.”

“Leta simu, tusikilize.”

Karatasi ilisema: “Vitu vyetu vyote vilibaki kule.” Simu ikasema, kwa sauti ya mama yangu mzazi: “Vitu yetu yote ilibakia kule.” Tulisikiliza mara mbili. Kisha tukasikiliza mstari mwingine, na mwingine tena. Karibu kila mahali mzungumzaji alipoacha njia ya vitabu, kalamu yangu ilikuwa imemrudisha.

Profesa hakunikaripia. Alisema tu: “Umeandika kazi juu ya mtu ambaye hayuko.” Akanirudishia karatasi.

Nataka nieleweke vizuri. Sikukusudia kudanganya. Wakati wa kuandika, mkono ulikuwa unasahihisha wenyewe, kama mtu anayemfuta mtoto uso kabla ya wageni kuingia. Nilikuwa nachunguza upatanisho wa ngeli, na kitu hichohicho nilichokuwa nakichunguza ndicho nilichokuwa nakifuta. Njiani kurudi nyumbani nilijiuliza aibu hiyo imetoka wapi. Na mbaya zaidi, katika sentensi ile mama anasimulia jinsi tulivyokimbia kijiji chetu katika teritware ya Djugu mwaka 2018. Yeye alikuwa akihesabu alichopoteza. Mimi nilikuwa nikihesabu makosa yake.

Lugha yetu ya nyumbani sitaitaja hapa; wenye kuishi Bunia wataelewa sababu. Katika shule ya msingi niliyosoma, aliyeshikwa akiizungumza alivalishwa kibao shingoni mpaka amshike mwenzake. Kifaransa kilikuja baadaye, na mpaka leo nakisema kama mtu anayetembea juu ya utelezi. Kiswahili kilibaki kuwa cha sokoni, cha kanisani na cha kucheza. Lakini hata hicho, watu wazima walituambia, “Kiswahili ya kweli iko Tanzania.” Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilisimama mbele ya wenzangu kutoa maelezo, nikasema “kitabu yangu”, ukumbi ukacheka. Kwa miaka miwili baada ya hapo sikuuliza swali hata moja darasani. Ndani yangu kulikuwa na sentensi moja fupi: mimi sina lugha. Mwanafunzi wa isimu asiye na lugha! Niliiamini kama mtu anavyoamini tarehe yake ya kuzaliwa.

Wakati huo nilikuwa na nakala ya fotokopi ya kijitabu cha Epictetus kwa Kifaransa, iliyobaki kutoka kozi ya falsafa. Wengi wetu tumekutana na jina la Wastoiko kanisani tu, katika Matendo ya Mitume 17, pale Paulo anapobishana nao Athene. Mimi pia sikuwa nimesoma zaidi ya zile kurasa za mtihani. Usiku ule, umeme ukiwa umekatika, niliisoma tena kwa taa ya simu.

Fundisho lake la kwanza linajulikana: kuna mambo yaliyo katika uwezo wetu, na kuna yasiyo katika uwezo wetu. La pili ndilo lililonigusa. Kinachotusumbua si jambo lenyewe, bali hukumu tunayoitoa juu ya jambo. Picha fulani inapoingia akilini, Epictetus anataka tuisimamishe mlangoni na kuihoji kabla ya kuikubali, kwa maana kukubali ni kazi yetu. Hakuna awezaye kutukubalia.

Nikachukua daftari, nikaihoji sentensi yangu kama ninavyohoji sentensi ya mzungumzaji yeyote. “Nilisema ‘kitabu yangu’.” Hiyo ni habari. Nomino ya ngeli ya 7 imepewa upatanisho wa ngeli ya 9. “Watu walicheka.” Hiyo pia ni habari. “Kwa hiyo sina lugha.” Hapa sikupata habari yoyote. Hapa palikuwa na hukumu, na saini chini yake ilikuwa yangu. Waliocheka hawakuisema, walicheka tu, wakaenda kula. Mimi ndiye niliyeandika sentensi ya tatu na kuibeba miaka miwili.

Wasomaji wa jarida hili wataona mara moja kwamba zoezi hili si geni kwetu. Tunafundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba kazi ya mwanaisimu ni kueleza lugha ilivyo, si kuamrisha iwe vipi. Niliweza kuirudia kanuni hiyo kwenye mtihani na kupata alama nzuri. Ila sikuwahi kuitumia kwa kinywa cha mama yangu, wala kwa changu.

Kutoka hapo nilianza kuwatafuta hao Wastoiko kama mwanafunzi wa lugha, na nikashangaa. Zeno, mwanzilishi wao, hakuwa mtu wa Athene. Alitoka Citium, kisiwani Kupro. Chrysippus, kiongozi wao wa tatu, alihusishwa na mji wa Soli, huko Kilikia. Ni mji huo ambao, kwa mapokeo ya wazee wa kale, uliipa dunia neno ambalo Kifaransa kinaliita “solécisme”, yaani kosa la sarufi, kwa sababu ilisemekana watu wa Soli waliharibu Kigiriki. Mtu mwenye jina la mji uliogeuzwa kuwa jina la kosa ndiye aliyekuwa kichwa cha shule ya falsafa, na shule yake ni miongoni mwa zilizoweka misingi ya sarufi ya Kigiriki. Epictetus naye alizaliwa mtumwa huko Hierapolis, katika Uturuki ya leo. Hakuandika kitu. Mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyeyahifadhi mafundisho yake. Arrian huyo alijua kuandika Kigiriki cha Athene cha wasomi, na vitabu vyake vingine vinaonyesha hivyo. Lakini maneno ya mwalimu wake aliyaacha katika Koine, Kigiriki cha kawaida kilichozungumzwa bandarini na sokoni.

Yaani miaka kama elfu moja na mia tisa iliyopita kulikuwa na mwanafunzi aliyekuwa na kazi kama yangu: kuandika alichosikia. Yeye hakumsahihisha mzee wake.

Nisiseme zaidi ya ninachojua. Falsafa hii ina mahali inapochoma. Mtu aliyelala chini ya turubai hapa mjini kwa sababu nyumba yake imechomwa, ukimwambia kwamba kinachomsumbua ni hukumu yake tu, umemtukana. Risasi si maoni. Epictetus ana maneno makali juu ya mali iliyopotea, kwamba tuseme tumeirudisha kwa mwenyewe. Sikuthubutu kumsomea mama maneno hayo, na sitathubutu. Nimefikia kuamini kwamba maswali ya Wastoiko ni ya mtu kujihoji mwenyewe. Ukimgeuzia jirani, yanakuwa fimbo.

Tena falsafa hii haikuniambia kwamba ninajua kila kitu. Nilipoihoji sentensi yangu, nilikuta punje moja ya kweli ndani yake: Kiswahili sanifu sikuwa nakimudu vizuri. Hilo ni upungufu wa mazoezi, nalo liko katika uwezo wangu. Nimejifunza upatanisho wake kama mtu anavyojifunza lugha jirani, na ndiyo maana naweza kuandika makala hii. Lakini sasa najua kwamba ni lugha jirani, na kwamba nyumbani kwetu pia kuna nyumba. Watafiti Nico Nassenstein na Gerrit Dimmendaal wamechapisha makala nzima juu ya Kiswahili cha Bunia. Wao walitoka mbali kuja kusikiliza kile ambacho mimi nilikuwa nakifuta.

Nilirudia kurasa zote ishirini na mbili. Ilinichukua wiki tatu, jioni baada ya jioni, sikio likiwa kwenye simu. Bado mkono ulikuwa unakimbilia “vyetu”, na kila mara nilirudi nyuma. Jambo moja lilijitokeza ambalo toleo la kwanza lisingeweza kulionyesha: mama huyohuyo, akimnukuu mchungaji, husema “vitu vyetu”. Anaijua njia ile nyingine. Anachagua. Sasa hiyo ndiyo sura ya tatu ya kazi yangu.

Nilimwonyesha karatasi mpya. Alisoma polepole, akafika kwenye mstari ule, akacheka kidogo.

“Ni mimi uyu,” alisema. Kisha akanyamaza muda mrefu, kwa sababu mstari unaofuata unataja vile vitu kimoja kimoja.

Nitatetea kazi hii mwezi wa saba, kwa Kifaransa, mbele ya majaji watatu. Naogopa. Nimeiandika hofu hiyo pia kwenye daftari, na chini yake nimeacha nafasi tupu pale ambapo zamani ningeandika sentensi ya tatu.