Vibaba Vinne, Aunsi Nane

Ndugu zangu wa Tanga wakinipigia simu huku Minneapolis, salamu hazijaisha wameshauliza mambo mawili: baridi na bei ya petroli. Baridi haina hesabu, najibu "kali" basi. Petroli ndiyo kazi. Wao wanataka bei ya lita kwa shilingi, ilhali kibao cha kituo cha mafuta cha hapa kinaonyesha bei ya galoni kwa dola. Basi nagawanya kwa 3.785, nazidisha kwa bei ya dola ya siku hiyo, na nikija kupata jibu mjomba keshahamia kwenye habari za harusi ya jirani.

Nimekulia Ngamiani, Tanga, katika zile barabara zinazoitwa kwa namba. Nchi ilikuwa imeshahamia vipimo vya metriki tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo mwalimu wetu wa hesabu hakuhangaika na painti wala ratili. Tulikariri lita, desilita, sentilita, mililita. Kengele ya kurudi nyumbani ikilia, lita zilibaki ubaoni. Bibi alikuwa na kibaba chake cha bati, na hesabu yake ilikuwa fupi: vibaba viwili kisaga, vibaba vinne pishi. Alitofautisha kibaba cha tele, kilichofanya kilima juu, na kibaba cha mfuto, kilichopitishiwa kiganja kikawa sawa na mdomo wa chombo. Mahindi yalikuja kwa debe, na debe asili yake ni kopo la mafuta ya taa la galoni nne za Kiingereza, kama lita 18 hivi. Mafuta ya kula tulitumwa dukani na chupa, tukapimiwa kwa kikopo chenye mpini mrefu. Ramadhani ikikaribia kwisha, pishi ilipata heshima yake: kila kichwa ndani ya nyumba, hata mtoto aliyezaliwa jana, kilitolewa pishi moja ya mchele ya fitri. Sikuwahi kumsikia mtu akilalamika kwamba serikali inapima kwa lita na bibi anapima kwa kibaba. Kila kipimo kilijua kazi yake.

Nilifika Minnesota mwishoni mwa miaka ya 1990. Kazi ya kwanza ya wengi wetu kutoka Afrika Mashariki katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, Wakenya waliojaa Brooklyn Park na sisi Watanzania tuliotawanyika, ilikuwa kutunza wazee na wagonjwa, na kwa wengi bado ndiyo hiyo. Mafunzo ya msaidizi wa muuguzi kwa sheria ya taifa hayapungui saa 75, na ndani yake mna somo la kupima anachokunywa mgonjwa na anachokitoa. Nilijiandaa kwa galoni na painti. Nikakuta mililita.

Jambo hili linahitaji kuelezwa taratibu, kwa sababu ndilo lililonifundisha Marekani kuliko kitabu chochote. Katika nyumba ya wazee niliyofanyia kazi, upande wa Saint Paul, vyombo vyote vilivyotoka jikoni vilikuwa vya aunsi. Glasi ya juisi aunsi 4, bakuli la supu aunsi 6, pakiti ya maziwa aunsi 8. Karatasi iliyoning'inia mlangoni kwa mgonjwa ilikuwa ya mililita. Kati ya trei na karatasi kulikuwa na kichwa cha msaidizi na kanuni moja: aunsi moja ni mililita 30. Juisi ikiisha unaandika 120, supu 180, maziwa 240. Mzee akibakiza kahawa, unakadiria alichokiacha, unakitoa. Vipande vya barafu unavihesabu nusu ya ujazo wake, kwani vikiyeyuka hicho ndicho kinachobaki. Chooni kulitegwa chombo cha plastiki chenye umbo la kofia, kina mistari ya mililita, na mwalimu alisisitiza kisomwe jicho likiwa usawa wa mstari, si kwa kukiinamia kutoka juu. Wauguzi wa zamani waliandika "cc" badala ya mililita. Baadaye tukaambiwa tuache, kwa sababu kwenye mwandiko mbaya herufi hizo hugeuka sifuri mbili, na sifuri mbili kwenye dawa ni msiba.

Ile kanuni ya 30 ni ya kurahisisha tu. Aunsi ya Marekani hasa ni mililita 29.57. Kwa mzee ambaye moyo wake umechoka, maji yanamjaa miguuni, na daktari amemwekea kikomo cha mililita 1,500 kwa siku, kosa la kukadiria halizidi kiasi cha mililita 21, yaani funda la maji. Hakuna aliyekufa kwa funda hilo. Nililoliona zito zaidi ni kwamba nchi iliyojaza galoni na maili kwenye vibao vya barabarani, ikimfikia mgonjwa kitandani, inaviweka pembeni bila kelele na kushika mililita.

Ukichunguza historia, hali imekuwa hivyo siku zote. Galoni ya hapa si ile ya debe la bibi. Ni galoni ya mvinyo ya Uingereza ya enzi za Malkia Anne, iliyowekwa kisheria mwaka 1707: inchi za ujazo 231. Waingereza wenyewe waliiacha mwaka 1824 wakatunga galoni kubwa zaidi, ya lita 4.546, ndiyo hiyo waliyotuletea pwani. Wamarekani, ambao wakati huo walishajitoa mikononi mwao, walibaki na ya zamani. Ndiyo maana debe la galoni nne za Kiingereza linakaribia galoni tano za hapa. Ile ndoo ya plastiki ya galoni 5 inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ambayo Wamarekani huchanganyia rangi na saruji, ni lita 18.9. Ni debe, kasoro jina. Yangu inakaa jikoni, imejaa unga wa sembe.

Tena metriki haikupigwa marufuku kamwe. Bunge la Marekani liliihalalisha mwaka 1866. Mwaka 1893 yadi na ratili za nchi hii zilifungwa kwenye mita na kilo, na tangu 1959 inchi ni sentimita 2.54 kamili. Kwa hiyo galoni ya Marekani leo ni lita 3.785411784, bila kubakiza kitu. Inaishi kwa hisani ya mita. Mwaka 1975 Rais Gerald Ford alitia saini sheria ya kuhamia metriki kwa hiari, ikaundwa na bodi ya kusimamia. Hiari ikazaa inachozaa hiari, na mwaka 1982, chini ya Rais Reagan, bodi ikafungwa. Lakini soda ya chupa ya lita 2, iliyoletwa na Pepsi mwaka 1970, haikuondoka. Mvinyo nao tangu 1979 unauzwa kwa chupa ya mililita 750. Maziwa yamebaki ya galoni. Gari langu lina injini ya lita 2.4, na oili yake nainunua kwa robo galoni. Hapo mtu aache kutafuta mantiki.

Mahali ambapo kikombe kimegoma kabisa kuondoka ni jikoni, na Minneapolis ina mkono wake katika ugomvi huo. Mji huu ulijengwa na unga. Kandokando ya maporomoko ya Saint Anthony kwenye mto Mississippi kulikuwa na vinu vilivyoufanya, kuanzia 1880 hivi hadi 1930, kuwa mji unaoongoza duniani kwa kusaga ngano. Kimojawapo, Washburn A, kililipuka tarehe 2 Mei 1878 kwa vumbi la unga kushika moto, wakafa watu 18. Kilijengwa upya, kikafungwa, kikaungua tena, na tangu 2003 magofu yake ni jumba la makumbusho. Kampuni ya kinu hicho ndiyo iliyobuni jina la Betty Crocker mwaka 1921, bibi asiyekuwapo, ili awe anajibu barua za akina mama walioshindwa keki. Bibi huyo hupima kwa kikombe. Kabla yake, mwaka 1896, Fannie Farmer wa Boston alitoa kitabu cha mapishi kilichosisitiza kipimo kilichosawazishwa kwa ukingo wa kisu. Kwa lugha ya bibi yangu, alikataza tele akafundisha mfuto.

Mimi kwa maji nakubaliana na kikombe. Ni mililita 237, na lebo za vyakula hukizungusha kuwa 240; kwa wali wa nazi hutaona tofauti. Kwa unga sikubaliani nacho. Pakiti ya unga inakuambia robo kikombe ni gramu 30, yaani kikombe kizima gramu 120, lakini ukikichota moja kwa moja mfukoni na kukishindilia kinafika 150 bila shida. Maandazi yanayotoka hapo yanaweza kuvunja dirisha. Tangu watoto waanze kupika nimeweka mizani mezani, na kwenye mifuko imeandikwa gramu pia, kwani tangu 1994 bidhaa nyingi za dukani lazima zionyeshe vipimo vyote viwili.

Miaka ya karibuni nimekuwa nikifanya ukalimani kwenye kliniki. Wengi ninaowakalimania ni Wakongo waliokaa miaka mingi Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa Kigoma mwaka 1996. Siku moja muuguzi aliuliza mtoto anakunywa aunsi ngapi za maziwa ya kopo kwa mara moja. Nikauliza. Mama akasema aunsi haijui. Muuguzi akaandika kitu, na nikaona usoni mwake ameshaamua kwamba mama huyu hajui kupima. Mkalimani haruhusiwi kuongeza lake, nikanyamaza. Mama akaigeuza chupa upande wa pili, akaweka kidole kwenye mstari.

"Dada, mwambie hapa, kwenye mia na ishirini. Usiku napunguza, naweka tisini."

Nikayapeleka kama yalivyo. Muuguzi akahesabu kidogo: aunsi nne, na aunsi tatu. Mwanamke yule alikuwa anajua mililita kuliko sisi sote chumbani. Kambini mtu anaishi kwa lita. Maji huchotwa kwa dumu la lita 20, au bidoni kama wasemavyo wao, na viwango vya kimataifa vya misaada vinataka kila mtu apate walau lita 15 kwa siku, kunywa, kupika na kuoga humo humo. Hata mafuta ya kula ya msaada kutoka Marekani, yale makopo yaliyoandikwa USA ubavuni, yalifika kambini yakiwa ya lita 4. Nchi hii iliwapimia watu hao kwa lita walipokuwa mbali, na walipofika kwake ikawauliza aunsi.

Lililobadilika kwa faida, na nimelishuhudia likibadilika, ni dawa ya maji ya watoto. Nilipokuwa nalea wa kwanza, kifuniko cha chupa ya dawa ya homa kilikuwa na mistari ya kijiko cha chai, kijiko kikubwa na mililita, yote imesongamana kwa maandishi ya plastiki isiyo na rangi, saa nane za usiku huioni. Mwaka 2011 watengenezaji waliunganisha dawa ya homa ya wachanga na ya watoto wakubwa ziwe na nguvu moja, miligramu 160 kwa mililita 5. Mwaka 2015 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikatoa msimamo kwamba dawa za maji zipimwe kwa mililita peke yake, vijiko viondolewe kwenye maandishi. Walikuwa na sababu. Utafiti uliochapishwa mwaka mmoja kabla ulionyesha wazazi wanaopima kwa vijiko wana uwezekano wa kukosea karibu maradufu ya wanaotumia mililita. Mwingine wa Ugiriki, wa mwaka 2010, ulipima vijiko vya chai vya majumbani ukakuta vinachukua kuanzia mililita 2.5 hadi 7.3. Mzazi mmoja anatoa nusu dozi, jirani yake dozi na nusu, na wote wameambiwa "kijiko kimoja".

Sasa neno kwa wenzangu tunaopakia masanduku kwenda nyumbani. Dawa ya homa ya watoto inayouzwa sana kwetu Afrika Mashariki ni miligramu 120 kwa mililita 5. Ya hapa ni 160. Dada yako wa Tanga akipima mililita 5 alizozizoea kutoka kwenye chupa uliyompelekea, mtoto anapata theluthi moja zaidi ya kipimo chake. Ukipeleka dawa hiyo, weka na bomba lake lisilo na sindano, bandika karatasi yenye miligramu na mililita kwa mwandiko unaosomeka, na mwambie ampeleke mtoto kwa mfamasia apimwe uzito kwanza. Kijiko cha jikoni akirudishe kwenye chai.