Kala nini?

Nimekuwa kimya siku kadhaa, mnisamehe. Kuna jambo linanisumbua, na gazetini halikupata nafasi.

Wiki mbili zilizopita nilitumwa kwenye tamasha la muziki ufukweni hapa Dar. Usiku wa manane kijana mmoja akaanguka karibu na jukwaa, anatetemeka, mwili wa moto kama pasi. Nesi wa huduma ya kwanza akawauliza rafiki zake, "Kala nini?" Kimya. Akauliza tena. Kimya. Nyuma yake alikuwa amesimama askari.

Askari alipoondoka, mmoja akanivuta shati: "Braza, ni kidonge. Kanunua kwa jamaa pale getini, hata hatumjui." Nikakimbia kumwambia nesi. Kijana alizinduka alfajiri. Lakini zile dakika zilizopotea bado nazihesabu.

Nikarudi ofisini nikaandika kile kile tunachoandika siku zote: vijana wanaangamia, polisi wakaze kamba. Mhariri akafurahi. Mimi sikufurahi.

Ndipo nikaanza kusoma wenzetu wanafanyaje. Uingereza, Julai 2016, kwenye tamasha la Secret Garden Party, taasisi ya The Loop ilifungua huduma ya kupima dawa, polisi wakiwa wamekubali. Unaleta kidonge chako, hukamatwi. Wanakemia wanakipima, kisha unakaa na mhudumu wa afya anakueleza kilichomo na hatari zake. Haambiwi mtu kwamba dawa yake ni salama. Na ulichokabidhi hurudishiwi.

Siku nne zile zilipimwa sampuli 247. Moja kati ya kila tano haikuwa kile alichosema muuzaji. Kulikuwa na vidonge vya saruji, jamani! Kulikuwa na dawa ya malaria iliyouzwa kama ketamini. Na mtu mmoja kati ya kila watano waliopimiwa alisalimisha na dawa nyingine alizobaki nazo ziharibiwe. Niambieni, ni hotuba gani ya kamanda imewahi kumfanya kijana atoe dawa mfukoni kwa hiari yake?

Uholanzi wana huduma ya namna hii tangu 1992. New Zealand waliiingiza moja kwa moja kwenye sheria mwaka 2021.

Najua wengine mtasema huku ni kuwahalalishia. Mama yangu nilipomsimulia alisema hivyo hivyo. Lakini hapa hapa kwetu, Februari 2011, Muhimbili ilianza kuwapa methadoni watu walionaswa na heroini. Unga haukuhalalishwa siku ile. Watu walipewa nafasi ya kuishi, maana teja aliye hai ndiye anayeweza kupona.

Sisemi tulete mashine kesho. Naomba kitu kidogo tu: kwenye hema la huduma ya kwanza askari asimame mbali, na kijana anayesema ukweli ili kumwokoa mwenzake asigeuzwe mtuhumiwa.

Mimi naanza na kalamu yangu. Tamasha lijalo nitamhoji nesi kwanza, kamanda baadaye. Mhariri akikata, nitaileta hapa.

Mnasemaje wadau? Angekuwa mdogo wako pale mchangani, ungetaka rafiki zake wanyamaze?