Mpira Kati ya Vyuma Viwili



Juma hili tunapenda kuwashirikisha habari ya kitu kidogo kinachoenea katika kiganja cha mkono: kipande cha mpira kilichogandishwa kati ya mabamba mawili ya chuma, ambacho mafundi wetu hukiita mauntingi ya injini. Kazi yake ni kuibeba injini juu ya chesisi. Tumekitafakari kwa muda mrefu, maana kilitupa somo ambalo gharama yake ililipwa na mtu mwingine zaidi kuliko sisi wenyewe.

Kwakoa iko tambarare, mashariki ya Milima ya Upare Kaskazini, katika Wilaya ya Mwanga. Anayeifahamu anajua vumbi lake la kiangazi na makorongo yanayokatiza njia. Huko, mwaka 2017, sisi watatu, yaani fundi wa kuchomelea, mwalimu mstaafu wa hisabati na mwandishi wa mistari hii, tuliazimia kuunda gari. Katika nchi tajiri mtu hununua vipande vyote vikiwa tayari katika masanduku, akaviunganisha nyumbani kwake. Sanduku letu sisi lilikuwa uwanja wa magari mabovu. Humo tulipata chesisi ndefu ya Land Rover ya zamani, na injini ya dizeli ya silinda nne pamoja na giaboksi yake, kutoka katika Toyota Hilux iliyopinduka. Bodi tungeifuma wenyewe kwa mabomba na mabati.

Hatukujiona watu wa ajabu. Upareni kazi ya chuma ni ya kale: Washana wa Ugweno walifua majembe na silaha vilivyouzwa hadi Uchagani. Majirani zetu wa Kenya walianza mwaka 1986 kuunda gari la Nyayo Pioneer, wakalionyesha hadharani mwaka 1990. Chuo Kikuu cha Makerere kilitoa gari la umeme la Kiira mwaka 2011. Hapa kwetu Shirika la Nyumbu, huko Kibaha, liliunda lori lenye jina hilo. Basi tulijiambia kwamba nasi tutaweza.

Shida ilikuwa moja. Injini ya Toyota na chesisi ya Land Rover hazikuzaliwa pamoja. Vishikio vya moja havikutani na vya nyingine, na penye pengo hilo ndipo mauntingi inapokaa. Mauntingi zinazofaa zilikuwa ghali kwetu. Tulichukua tairi kuukuu la lori, tukakata vipande, tukavitoboa na kuvifunga kwa bolti nene. Tulivipiga nyundo, navyo havikutikisika. Tukafurahi, tukidhani kwamba kilicho kigumu ndicho kilicho imara.

Gari liliwaka na kutembea. Lakini likisimama huku injini inanguruma taratibu, vioo vilitetemeka, na mkono ulioshika usukani ulikufa ganzi. Baada ya majuma matatu fundi wetu aliingia uvunguni akatoka kimya. Alikuwa ameona ufa mwembamba kama unywele, kando ya mahali alipochomelea kishikio cha kushoto. “Wazee wangu,” akasema, “nipeni siku mbili. Hili si la kusafiri.” Sisi tulikwisha kuahidi kubeba mahindi ya watu siku ya Jumamosi. Tukamjibu kwamba ufa ule utangoja, na kwamba Jumatatu ataziba. Hakubishana nasi. Alikuwa mdogo wetu kwa umri, na kwetu kijana habishani na wazee mara mbili.

Jumamosi usiku, tukiwa tumekwisha kushusha mahindi, mama mmoja alitusimamisha akiwa na mtoto mwenye homa kali. Alituuliza kama gari ni zima. Tukamwambia ni zima. Katikati ya korongo la pili kishikio kilikatika. Injini ililala upande, feni ikaikata rejeta, maji yote yakamwagika mchangani. Mama yule alimfunga mtoto mgongoni akatembea mwendo wa saa mbili gizani hadi zahanati, nasi tukimfuata kwa tochi, tusiwe na neno la kusema. Mtoto alikuwa na malaria, akatibiwa, akapona. Mama hajatulaumu hata siku moja. Laiti angetulaumu.

Baada ya usiku ule tulianza kujifunza tulichopaswa kukijua mwanzoni. Mwalimu alichukua karatasi. Injini yenye silinda nne huwasha mara mbili katika kila mzunguko wa krenki. Ikizunguka mara 800 kwa dakika, hutoa mapigo 1600 kwa dakika, yaani takriban 27 kwa sekunde. Nayo injini iliyoketi juu ya mpira ina mtikisiko wake wa asili, kama bembea, unaotegemea mpira umedidimia kiasi gani chini ya uzito. Mpira uliodidimia nusu milimita huipa injini mtikisiko wa mara 22 hivi kwa sekunde. Uliodidimia milimita mbili na nusu huipa kama mara 10. Ili mpira uzuie mtetemo usifike kwenye chesisi, mapigo ya injini lazima yazidi mtikisiko huo wa asili kwa karibu mara moja na nusu. Yakikaribiana nao, mtetemo haupungui, bali hukua. Tairi letu la lori, lenye nyuzi ngumu ndani yake, lilididimia nusu milimita tu. Basi kila tuliposimama tukingoja abiria, injini ilikuwa ikiisukuma bembea kwa wakati wake hasa, na ufa ukaongezeka.

Tukakimbilia upande wa pili. Tulinunua mauntingi laini za gari dogo. Mtetemo ulikwisha, lakini tulipoachia klachi kwenye mwinuko, injini iliinama na gia ikachomoka. Gia ya kwanza huzidisha msokoto wa injini kwa takriban mara nne, na msokoto huo wote hurudi kwenye mauntingi. Hapo mwalimu akatusimulia habari ya Marekani: Desemba 1971 kampuni ya General Motors iliyaita magari ya Chevrolet takriban milioni 6.7, kwa kuwa mpira wa mauntingi uliweza kuachana na chuma, injini ikanyanyuka na kuvuta mafuta yenyewe. Dawa iliyotolewa ilikuwa kizuizi cha kuishika injini isinyanyuke.

Mara ya tatu tulichagua kwa kupima. Tuliining'iniza injini pamoja na giaboksi kwenye mizani ya mazao, tukapata kilo 240. Tukanunua mauntingi zilizotengenezwa kwa injini ya aina ileile, za umbo ambalo hata mpira ukipasuka, chuma kimoja hukinasa kingine. Mbili tulizikalisha kwa mshazari, zikitazamana kama viganja vinavyopokea, ili mpira ukandamizwe zaidi kuliko kuvutwa. Ya tatu tuliiweka chini ya giaboksi. Fundi alichomelea vishikio vipya na kuvitia mbavu pande zote mbili. Tuliweka bamba la kukinga joto la ekzosi, tukaziba kila tone la mafuta, kwa kuwa mafuta huuozesha mpira. Bolti tulizikaza mwisho, baada ya injini kuketi yenyewe. Kisha tulilipeleka gari kukaguliwa na polisi wa usalama barabarani, na namba ya injini tukaibadilisha kwenye kadi huko Mamlaka ya Mapato.

Gari hilo bado linatembea. Kila mwezi mmoja wetu hukanyaga breki na kuachia klachi kidogo, mwingine akiwa ameinamia injini kuona inavyoegemea. Anayetoa uamuzi ni fundi. Akisema siku mbili, ni siku mbili.

Wapendwa, tulidhani kosa letu lilikuwa la mpira. Mpira ulikuwa na sehemu yake. Lakini tulipoonyeshwa ufa tulikuwa wagumu kama lile tairi: hatukudidimia hata nusu milimita mbele ya neno la kijana anayeijua kazi yake, na aliyebeba mtetemo wetu akawa mama mwenye mtoto mgongoni. Haraka haraka haina baraka, twawaambia watoto kila siku. Kitu chema cha kubebea mzigo hushika bila kuachia, na hukubali kushuka kidogo kinapolemewa. Katika nyumba zetu na vikao vyetu, tumtazame nani anatuambia leo, kwa sauti ndogo, kwamba ameona ufa.