Betri za Saa ya Ukutani

Mjomba wangu alianza kupiga picha Lukuledi kabla mimi sijajua kusoma, na kwa miaka mingi kamera yake ilikuwa ileile moja, Yashica ya mkanda yenye mfuko wa ngozi uliokwisha chakaa pembeni. Mkanda mmoja ulitoa picha 36. Ukiisha ulipelekwa Masasi mjini kusafishwa, na kama pale hakuna dawa au mashine imeharibika, safari iliendelea hadi Mtwara, karibu kilomita 200 za basi. Mteja alikuwa ameshatoa kianzio. Salio alilipa siku ya kuiona picha, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, maana wapo walioikataa sura yao wenyewe.

Msimu wake mkubwa ulikuwa wa kuwatoa wali. Mavuno yakishaingia ndani, vijana wanarudi kutoka jandoni, wamevalishwa nguo mpya na miwani ya jua, wamefunikwa miamvuli, na ukoo mzima unataka kuonekana nao. Mjomba hakupiga ovyo. Alipanga watu, akarudi nyuma, akasogea mbele, akamwambia mama fulani ainue kidevu, halafu bonyezo moja tu. Mama akija kulalamika baadaye kwamba amefumba macho, jibu lilikuwa moja: "Mama, siku ile ulifumba." Nani angebisha? Ushahidi ulikuwa mkononi mwa mpiga picha.

Huku kwetu mjomba ana neno zito kwa mtoto wa dada yake kuliko hata baba, basi hakuna aliyeshangaa aliponichukua mimi, wala si mwanawe wa kumzaa, kumbebea begi. Ni yeye pia aliyenituma Dar es Salaam mwaka 2008. Mfumo wa kuuza korosho kwa stakabadhi ghalani ulikuwa umeanza msimu wa 2007/08, malipo ya pili yakawa yameingia, na maneno ya kamera zisizotumia mkanda yalikuwa yameshafika mpaka vilabuni. Akanipa fedha na agizo fupi: nikaangalie, nisinunue kabla sijampigia simu.

Kariakoo muuzaji aliniwekea mbili juu ya kioo cha kaunta. Ya kwanza Sony Cyber-shot W55, nyembamba, inayong'aa, inaingia mfuko wa shati bila kuvimba, na kwenye lenzi imeandikwa jina la Carl Zeiss, ambalo muuzaji alilitamka kama anayetaja mtume. Ya pili Canon PowerShot A570 IS, nene, yenye nundu upande wa kulia pa kushikia. Bei zilikaribiana, laki mbili na ushee kila moja. Muuzaji alishikilia megapikseli: Sony 7.2, Canon 7.1. "Kaka, hii inaizidi ile," akasema, na akasema tena.

Hesabu ile ilikuwa ya kuuzia tu. Picha ya saizi ya kadi, sentimita 10 kwa 15, ambayo ndiyo karibu kila mtu kijijini alikuwa akiitaka, inatosheka na megapikseli mbili hivi. Zile tano za juu zingebaki kulala kwenye kadi. Kitu cha maana zaidi Canon ilikuwa nacho, nacho ni lenzi inayotuliza mtikisiko wa mkono, jambo ambalo W55 haikuwa nalo, lakini muuzaji hakulitaja hata mara moja.

Nikampigia mjomba. Nikamweleza wembamba wa moja na unene wa nyingine, kioo cha nyuma cha inchi mbili na nusu kwa zote mbili, na jina la yule Mjerumani wa kwenye lenzi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Inakula nini?"

Sony ilikuwa na betri yake bapa, ya kuchajiwa kwenye umeme. Canon ilitumia betri mbili ndogo, zile za saa ya ukutani. Nyumbani kwetu hapakuwa na umeme wakati huo. Simu tulichajia dukani kwa mwenye jenereta, zimepangwa mezani na vikaratasi vya majina, na jenereta nayo ikikosa mafuta ndiyo basi. Betri za saa ziliuzwa kila genge, hadi vijiji vya ndani kabisa kuelekea Mto Ruvuma. "Chukua hiyo nene," mjomba akasema, akakata simu.

Ila kulikuwa na jambo ambalo sisi wawili hatukulijua, na hata muuzaji sidhani kama alilijua. Betri za bei rahisi za gengeni haziwezi kutoa umeme mwingi kwa mkupuo. Kamera ya dijitali inasukuma lenzi nje, inawasha kioo, inajaza flashi, yote kwa pamoja. Ukiweka betri mpya za gengeni unapata picha chache za flashi, kisha alama nyekundu. Ukizitoa zikawekwa kwenye redio, redio inaimba wiki mbili. Kwa hiyo kwenye shughuli zetu ikawa kawaida: nikimaliza jozi, mwenye nyumba anaichukua kwa redio yake na kunipa nyingine mpya, na wote tunaona tumepata. Baadaye nikanunua nne za kuchajika, zile za nikeli, na tatizo likapungua. Mjomba hakuacha kusema kwamba alichagua vizuri, na kwa kweli alichagua vizuri, ingawa si kwa sababu aliyokuwa nayo.

Vumbi lilikuwa hatari zaidi. Mikorosho inapuliziwa salfa kuzuia ubwiri unga katika miezi ileile ya kiangazi ambayo shughuli zimepamba moto, na unga ule wa njano unaingia popote. Lenzi inayotoka na kurudi ndani ni mlango wa kuukaribisha. Kamera niliilaza ndani ya mfuko wa plastiki, juu yake kipande cha khanga, na sikuiwasha hata kidogo pale mashine za kupulizia zinapolia.

Mwanga nao una kisa chake. Mpige mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe saa saba mchana, kamera inahesabu weupe wa kanzu na kuubana mwanga, uso unatoka kama mkaa. Wakati wa mkanda mjomba alijua kulikwepa hilo kwa kuwapeleka watu kivulini, lakini rangi za kule maabara hazikuwa mikononi mwake. Kodak kwa miongo mingi ilisambaza kwa wasafishaji picha kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke mzungu, zikiitwa kwa jina la Shirley, mwanamitindo wa mwanzo, na sura za watu wetu hazikuwa kwenye hesabu hiyo. Kwenye Canon nilijifunza kuongeza mwanga hatua moja na kuona jibu papo hapo kwenye kioo.

Kioo hicho ndicho kilichogeuza mambo, kuliko megapikseli na betri. Mara baada ya kubonyeza, watu walinizunguka. "Tuone." Halafu: "Futa hiyo." Kulikuwa na bibi mmoja, mbanguaji wa korosho, vidole vyake vimeungua na kuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda. Nilimpiga ameketi mkekani, mikono magotini, anacheka na mtu aliyekuwa nyuma yangu. Akaomba kuona. Akaikodolea macho kwa muda, akarudisha mikono chini ya khanga, akasema, "Mwanangu, nirudie." Ya pili ilitoka ameganda kama kwenye kitambulisho. Ya kwanza ndiyo ilikuwa picha, nami niliifuta mbele yake kama alivyotaka. Mjomba alikasirika nilipomsimulia. Kwake yeye mpiga picha ndiye mwenye kuamua. Mimi bado nimegawanyika: picha nzuri imepotea, lakini mikono ilikuwa ya bibi, si yangu.

Kuhusu kadi, Canon ilitumia SD, Sony ilitumia ya kwake, Memory Stick. Studio za mjini zilipoanza kupokea kadi, SD ilikuwa rahisi kupata, na mwaka 2010 Sony wenyewe wakaanza kuzipokea SD kwenye kamera zao. Umeme wa vijijini, ule wa REA, ulipotufikia nikanunua printa. Wakulima walipoanza kulipwa kupitia benki, kila mmoja akahitaji pasipoti saizi za kufungulia akaunti, na nikatundika shuka la bluu barazani. Miezi ile pasipoti zilinilisha kuliko harusi.

Halafu zikaja simu zenye kamera. Kodak, ambao mhandisi wao Steve Sasson aliunda kamera ya kwanza ya dijitali mwaka 1975, waliomba kinga ya mufilisi Januari 2012. Mwaka 2010 kampuni za kamera zilisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 120 duniani, na mwaka 2020 hazikufika hata milioni 9. Julai 2020 tulipomzika Rais mstaafu Mkapa pale Lupaso, wilaya hii hii yetu, mikono iliyoinuliwa ilishika simu. Canon ilikuwa begani mwangu, nikaona haya kidogo kuitoa.

Mjomba anazo negativu zake kwenye kopo la maziwa ya unga, na mtu akija kutafuta sura ya marehemu baba yake aliyetoka jandoni mwaka fulani, mara nyingi anaipata. Waliopiga kwa simu wananijia na habari nyingine: simu imeanguka kisimani, simu imeibwa mnadani. Au wananitumia picha kwa WhatsApp niitoe kubwa ya kutundika ukutani, na wanashangaa ikitoka na ukungu. Inabidi nieleze kila mara kwamba kwa kawaida WhatsApp inaipunguza picha kabla ya kuisafirisha, na kwamba kile kinachopendeza kwenye kioo cha simu hakitoshi kwa fremu ya sebuleni. Nimeandika tangazo na kulibandika mlangoni: anayetaka picha kubwa aje na simu yenyewe, ikiwa na chaji.