Usiuze Ng'ombe kwa Ajili ya Fimbo

Ndugu msomaji, huenda gofu hujapata kuiona kwa macho yako. Hapa kwetu Sikonge twajua zaidi tumbaku, mizinga ya nyuki na shoka la msituni. Walakini vijana wetu wanaoshuka Dar es Salaam kwa gari moshi kutafuta kazi, wengine huipata katika viwanja vya gofu, kazi ya kubeba mikoba ya wachezaji. Si ajabu. Babu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri, wakibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Mimi nami katika ujana wangu nilibeba mikoba hiyo miaka sita, na leo mpwa wangu anaibeba.

Mbeba mikoba hupewa nafasi ya kucheza siku fulani, na akiwa hodari aweza siku moja kuwa mwalimu wa mchezo au mchezaji wa kulipwa. Kwa kijana wa namna hiyo gofu si mchezo tu, ni riziki. Ndipo mwaka jana mpwa wangu alipompigia mama yake simu, akamwomba auze ng'ombe mmoja ili anunue fimbo mpya ya kuanzia, ile ndefu waiitayo draiva. Alisema fimbo aliyo nayo ni mbovu, kila akipiga mpira unakata kwenda kulia na kuangukia vichakani. Dada yangu alikuja kuniuliza shauri. Nikamwambia, "Dada, ng'ombe akae zizini. Mtoto aje nyumbani na fimbo hiyo hiyo."

Alikuja mwezi wa Agosti, wakati mabua ya tumbaku yamekwisha ng'olewa na shamba ni jeupe. Tulipima hatua, tukasimika mti mmoja mwishoni uwe shabaha, tukawakataza watoto wasipite mbele. Siku ya kwanza alipiga mipira ishirini, na kumi na minne ilikata kulia ikaingia miombo. Watoto waliitafuta kwa ujira wa karanga.

Sasa nikueleze ugonjwa huo, maana ukijua chanzo ndipo utajua dawa. Mpira wa gofu ni mdogo, uzito wake hauzidi gramu 46. Fimbo ikiugonga, vitu hivyo viwili hugusana kwa muda wa kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hakuna awezaye kusahihisha kitu katika muda huo. Kila jambo limekwisha amuliwa kabla. Mpira huanza kuelekea karibu na pale uso wa fimbo unapotazama. Kama uso unatazama kulia kuliko njia ambayo fimbo yenyewe inapita, mpira huzunguka kwa ubavu, na hewa huupeleka kulia zaidi na zaidi. Ndiyo maana anayepiga kwa nguvu nyingi hupotea mbali zaidi. Nguvu haiponyi kosa, hulikuza.

Utauliza, mbona fimbo fupi hazimsumbui hivyo? Draiva ni ndefu kuliko zote, aghalabu kama sentimita 114, na uso wake umelala kidogo tu, kama nyuzi 10. Fimbo fupi zimelala sana, nazo huuzungusha mpira kwa nyuma kwa wingi, hata mzunguko wa ubavu hauonekani sana. Draiva haifichi kitu.

Nilipomtazama mpwa wangu niliona jambo ambalo kila mtu wa Sikonge angelitambua. Kijana alikuwa anapiga gofu kwa mkono wa shoka. Mkata mti huinua shoka juu ya bega la kulia, kisha hulitupa bega hilo mbele, na shoka hushuka likikata kutoka nje kuja ndani, upande wa kushoto. Kwa mti wa mninga ni sawa kabisa. Kwa mpira wa gofu ndiyo njia ya kuukatisha kulia. Amekua na shoka tangu utotoni, mwili umelizoea, na mwili hauulizi kama leo ni mti au mpira.

Nikamwambia, "Mwanangu, acha shoka, shika fyekeo." Afyekaye nyasi haanguki juu yake. Huuzungusha mkono chini chini kuuzunguka mwili, kutoka nyuma ya nyonga kwenda mbele, na bega la kulia hukaa nyuma mpaka fyekeo limepita. Aliacha fimbo kwa siku mbili, akafyeka ukingo wa shamba langu. Alinung'unika, "Mjomba, nimekuja kujifunza gofu au kufanya kazi yako?" Nilimjibu kwamba yote mawili.

Baadaye tulishika mambo manne, nami nakuandikia kwa ajili ya kijana wako.

Kwanza, mshiko. Fimbo ishikwe kwa vidole, si kwa kiganja. Ukitazama chini uone vifundo viwili au vitatu vya mkono wa kushoto. Ukiona kimoja tu, uso wa fimbo hufika ukiwa umefunguka kulia. Wala usibane sana, maana kiwiko na kifundo cha mkono hukakamaa visiweze kugeuka.

Pili, kusimama. Anayeogopa kulia hujielekeza kushoto ili kufidia. Hapo mabega hufunguka, na fimbo huzidi kukata kutoka nje. Dawa anayojitengenezea ndiyo inayomwongezea ugonjwa. Laza kijiti ardhini kikielekea shabaha, kisha miguu, nyonga na mabega vifuate kijiti hicho.

Tatu, mahali pa mpira. Uwe mbele, sambamba na kisigino cha kushoto, juu ya kijiti chake, nusu yake ikionekana juu ya kichwa cha fimbo. Bega la kulia liwe chini kidogo kuliko la kushoto.

Nne, mtihani wa kikapu. Weka kikapu kikuukuu upande wa pili wa mpira, mbali nawe kuliko mpira kwa upana wa kiganja, na nyuma yake kidogo. Fimbo ikija kwa njia ya shoka itakigonga. Ikija kwa njia ya fyekeo itakipita salama. Kadhalika paka unga wa muhogo usoni mwa fimbo. Alama ya mpira ikiwa karibu na mpini badala ya katikati, hilo nalo huukatisha mpira kulia.

Tulipiga kwa nusu ya nguvu, mipira ishirini asubuhi na ishirini jioni, tukihesabu. Kufikia wiki ya tatu, mipira minne au mitano tu katika ishirini ndiyo iliyokata. Haikwisha kabisa, wala sikumwahidi hivyo. Lakini fimbo iliyoitwa mbovu ilikuwa ile ile.

Usidhani fimbo haina maana hata kidogo. Mpini mzito mno au mlegevu mno waweza kumsumbua mpigaji. Lakini huwezi kujua kama fimbo ina kosa mpaka mikono iwe imenyoka. Mfikirie Seve Ballesteros wa Hispania. Alikuwa mtoto wa wakulima, naye alibeba mikoba kama vijana wetu. Alijifunza kwa fimbo moja kuukuu ya chuma katika mchanga wa pwani ya kwao. Mwaka 1978 alikuja Nairobi akashinda mashindano ya Kenya Open, na mwaka 1979 akashinda mashindano makubwa ya Uingereza. Hata huko Uingereza mpira wake mmoja wa kuanzia uliangukia mahali pa kuegesha magari, naye akaucheza kutoka hapo akashinda.

Basi, mzazi mwenzangu, mtoto akiomba kitu kipya ili kazi yake inyoke, usimkatalie kwa ukali wala usikimbilie zizini. Mwambie aje na kile alicho nacho, umwone anavyokitumia. Na wewe kijana, kabla hujalaumu chombo, hesabu mipira ishirini, uandike ingapi imekwenda sawa. Hesabu hiyo haina upendeleo, nayo haigharimu hata senti. Ng'ombe wa mama ana kazi nyingine: ana maziwa ya wadogo zako.