Vita ya maelfu au chumba cha watu kumi?

Watu wazima wenye kazi zao wanavaa majoho, wanabandika masikio marefu, halafu haooo porini kupigana kwa panga za povu. Sitanii jamani. Huko Ulaya mchezo huu una wenyewe, na wanauita lapu. Ni maigizo yasiyo na jukwaa wala watazamaji. Unapewa uhusika au unajitungia, mengine unajua mwenyewe.

Nimeuonja wa watu wengi na wa watu wachache. Msomaji, hivyo ni vyakula viwili tofauti kabisa.

Tuanze na ule mkubwa. Uko Brokeloh, kijiji cha kaskazini mwa Ujerumani, jimbo la Niedersachsen. Mashamba ya pale yalianza kugeuzwa nchi ya kubuni iitwayo Mythodea mwaka 2004, na maelfu ya watu hukusanyika wakati wa kiangazi. Kuna kambi za Moto, Maji, Ardhi na Hewa, na ya tano ni ya Magica, yaani mambo ya uchawi. Mahema hayahesabiki. Kuna soko, kuna vilabu vya pombe, kuna wafalme wanaotembea na walinzi kama kweli vile!

Silaha zina ufito katikati, zimevishwa povu na kupakwa mpira. Kichwani hapapigwi. Mtu akiumia kweli, inapigwa kelele "Stopp!" na wote wanaganda pale walipo. Lakini mistari miwili ya ngao ikikutana, wee acha tu! Mwili unasisimka hata kama unajua yule jitu la kutisha mbele yako Jumatatu anarudi ofisini.

Tatizo ni moja. Wenzako wana vikundi vyao vya miaka mingi, wanajuana hadi majina ya utani. Mimi nilipigana mchana kutwa, nikafa mara nne, na hakuna aliyeniuliza jina. Kwa mtu mwenye haya hiyo ni nafuu, unajichanganya tu na umati. Kwa mwenye kiu ya kuongea na watu, ni upweke wenye kelele.

Sasa njoo Oslo, Norway. Mji huu ndiko ulikoanzia mkutano wa wachezaji uitwao Knutepunkt, mwaka 1997, ambao baadaye ukawa unazunguka Norway, Sweden, Denmark na Finland. Watu wa huko wanapenda sana michezo ya chumbani. Niliocheza mimi ulikuwa na viti kumi na masaa manne. Panga hakuna, joho hakuna. Tulikuwa ndugu tunaogawana nyumba ya marehemu mama, na mimi nilipewa kaka mkubwa aliyekosa mazishi kwa kuwa nje ya nchi.

Dada mmoja mwenyeji, aliyecheza kitinda mimba, akanikazia macho: "Ulikuwa wapi?"

Kasheshe! Sisi tunaoishi mbali na kwetu, swali hilo tunalijua hata kabla halijaulizwa. Kuna maneno ya kujiokoa: ukisema "brems" wenzako wanapunguza kasi, ukisema "kutt" mchezo unakatwa papo hapo. Sikusema lolote kati ya hayo. Nilijibu, na sauti iliyotoka haikuwa ya kuigiza.

Mchezo ulipokwisha hatukuondoka. Tulikaa kwenye duara, kila mtu akaeleza alichobeba na anachokiacha pale. Usidharau kikao hicho. Bila hicho ungerudi nyumbani na ugomvi usio wako.

Kwa upande wa mfuko, mkubwa unataka hema, mavazi, silaha na tiketi, ingawa wanaokubali kucheza maadui hulipa kidogo. Mdogo unataka nauli na moyo. Ila mkubwa ukichoka unaenda kulala na vita inaendelea bila wewe. Mdogo ukichelewa tu, watu tisa wameharibikiwa.

Ushauri wangu kwa anayeanza: kama una marafiki, nendeni Brokeloh kwa kundi, mtacheka mwaka mzima. Kama uko peke yako, tafuta chumba. Lakini usiku huo usipange mambo mengine, na hakikisha simu ina salio. Utataka kupiga nyumbani.