Mbwa wa Sauti na Mbwa wa Kengele



Sisi makapita wa enterna tunasikiaka neno hili kila siku: "Kapita ni imbwa ya walimu, anabweka bule." Basi leo tuongee juu ya imbwa kweli kweli, kiisha mtaamua wenyewe.

Kule Marekani kuna mashindano ya kuwinda usiku mnyama anayeitwa rakuni. Mbwa wanne wanaachiliwa pamoja mu giza. Wenye mbwa hawakimbii nyuma yao. Wanasimama na kusikiliza, na kila mmoja lazima atambue sauti ya mbwa wake. Kwa kanuni za United Kennel Club, mbwa wa kwanza kubweka juu ya harufu anapata alama 100, wa pili 75, wa tatu 50, wa nne 25. Rakuni akipanda juu ya mti, mbwa wa kwanza kubweka pale chini anapata 125. Lakini wakimulika taa na mti ni mtupu, alama zile zinageuka hasara. Njo vile: mwenye kunyamaza hapati kitu, na mwenye kubweka ovyo anapoteza.

Kwetu Kongo tuko na mbwa wa namna ingine, basenji, aliyeonyeshwa London mwaka wa 1937, watu wakamshangaa. Yeye habweki kama wengine, sababu koo lake limeumbwa tofauti. Analia kama mwenye kuimba. Wawindaji wetu hawakumtupa. Walimfunga kengele ya mti shingoni, wapate kujua yuko wapi mu majani. Hata asiye na sauti alitafutiwa njia ya kusikilika. Na nabii Isaya, sura ya 56, anawafananisha walinzi wabaya na mbwa bubu.

Sasa turudi kwetu. Kapita anayeandika jina la kila mtoto aliyecheka saa ya etidi, huyo anabweka kwenye mti mtupu. Siku ya hatari nani atamwamini?

Na hatari iko. Vitanda viwili katika dortwari yetu vinabaki vitupu usiku wa Ijumaa. Wenyewe wanarudi na vumbi nyekundu mu viatu na feza kidogo ya minervali. Wote tunajua wametoka wapi. Ni wandugu zetu, mmoja anasomesha wadogo zake, na wanatuomba tunyamaze. Lakini tarehe 27 Juni 2019, hapa hapa Kolwezi, udongo wa shimo la KOV ulianguka, na wachimbaji zaidi ya 40 walikufa. Udongo hauulizi kama wewe ni mwanafunzi wa mwaka wa sita.

Kwa hiyo tumeamua. Tumekwisha kusema nao uso kwa uso, na majina yao hatuandiki hapa. Ijumaa hii vitanda vikiwa vitupu tena, tutaenda kwa mkubwa wa enterna usiku ule ule. Hatuendi kuomba wafukuzwe: tutaomba pamoja nao habari ya minervali, maana njo inawapeleka mu shimo.

Mkitaka kutuita imbwa, mutuite. Paka mujue tumebweka sababu gani.